Kupima mwendo wa gesi ya majitu mekundu ukiwa Mikindani: tathmini ya hifadhi ya spektra za APOGEE

Kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikiitumia, pamoja na wanafunzi wachache wa kidato cha sita wa mchepuo wa PCM, hifadhi ya wazi ya spektra za nyota, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake, iliyokusanywa na mradi wa APOGEE, ambao ni sehemu ya upimaji mkubwa wa anga unaojulikana kwa kifupi kama SDSS. Naandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wa fizikia na kwa yeyote mwenye kompyuta ya kawaida na hamu ya kweli, kwa sababu nilipoanza sikupata maelezo ya Kiswahili ya kunieleza huduma hii inafaa kwa kazi gani na inaishia wapi. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mtu anayetaka kuona kwa macho yake jinsi gesi inavyopanda na kushuka katika angahewa ya nyota kubwa nyekundu, hakuna huduma ya bure niliyoijaribu iliyo bora kuliko hii, ila kwa sharti moja, kwamba asome spektra za kila usiku mojamoja, wala asitosheke na ile iliyojumlishwa ambayo tovuti humwonyesha kwanza.

Hapa kwetu Mtwara neno gesi lina maana yake. Mtu akilitamka, mawazo ya msikilizaji huenda Mnazi Bay, Msimbati na kiwanda cha Madimba, kwenye mabomba na visima. Siku ya kwanza nilipowaambia wanafunzi kwamba tutapima mwendo wa gesi, mmoja aliuliza kama tutapanda gari kwenda Madimba. Swali lake lilinifaa sana, kwa kuwa lilinipa nafasi ya kueleza tofauti ya msingi: gesi ya Madimba inapimwa kwa kifaa kilichofungwa kwenye bomba lenyewe, lakini gesi ya nyota hakuna awezaye kuifikia, na kila tunachokijua kuhusu kasi yake kimeletwa na mwanga.

Jitu jekundu ni nyota iliyomaliza hidrojeni ya kiini chake, ikavimba mpaka ngozi yake ikawa mbali sana na kitovu, na kwa sababu hiyo ikapoa. Jua letu lina joto la takriban Kelvini 5,800 kwenye uso wake, ilhali majitu mengi mekundu yako kati ya Kelvini 3,000 na 5,000. Mkazi wa Mtwara hahitaji kwenda mbali ili kuyaona. Ile nyota ya rangi ya chungwa inayoifuata Kilimia angani ni Aldebaran, jitu jekundu halisi. Antares nayo, ambayo wataalamu huiweka katika daraja la juu zaidi la majitu makuu, hupita nyuzi 16 tu kusini mwa utosi wetu, na katikati ya Julai, wakati kusi imesafisha anga, hufika hapo mnamo saa tatu usiku. Mimi huanza somo kwa kuwatoa wanafunzi nje wakaitazame kwanza, kwa sababu namba zinazofuata baadaye darasani huwa na uzito mwingine kwa mtu aliyekwisha kuinua shingo.

APOGEE hupokea mwanga wa infraredi, yaani ule usioonekana ulio nje ya rangi nyekundu. Kwa nini infraredi? Kwanza, kwa sababu huko ndiko nyota hizi zinakong'aa. Kitu chenye joto la Kelvini 3,000 hutoa mwanga wake mkali zaidi karibu na urefu wa wimbi wa maikromita 1, nje kidogo ya rangi nyekundu ambayo jicho linaweza kuiona, katika eneo lile ambalo William Herschel aligundua mwaka 1800 kwa kuweka vipimajoto pembeni mwa rangi za jua zilizotawanywa na prizma. Pili, katika mwanga wa kawaida spektra ya nyota baridi huzibwa na molekuli za oksidi ya titani, ambazo mistari yake, yaani alama nyembamba za giza zinazobaki pale gesi inapomeza mwanga, imebanana kiasi kwamba mtu hupata taabu kujua mstari mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, gesi ya nyota huwa angavu zaidi, kwa maana ya kupitisha mwanga kwa urahisi, kwenye maikromita 1.6. Ukitazama kwa urefu huo wa wimbi unapenya ndani zaidi ya angahewa ya nyota kuliko kwa rangi nyingine yoyote ya jirani, kama vile mzamiaji wa pweza anavyosubiri maji matulivu na mepesi ili auone mwamba.

Na katika kina hicho kuna shahidi mwaminifu: kaboni monoksidi. Molekuli hii imeshikamana kwa nguvu kuliko karibu zote, hivyo huvumilia joto ambalo huzivunja nyingine. Huacha mistari mingi myembamba, iliyopangwa kwa mafungu yenye kingo kali, na kila mstari una urefu wake wa wimbi unaojulikana kwa uhakika kutoka maabara. Gesi ikija kwetu, mstari husogea upande wa mawimbi mafupi. Ikienda mbali nasi, husogea upande wa mawimbi marefu. Kanuni hii ya Doppler, iliyotolewa mwaka 1842, mwanafunzi wa kidato cha sita anaifahamu tayari kutokana na sauti ya honi ya gari linalompita barabarani.

Sasa niieleze huduma yenyewe. Spektra zimechukuliwa kwa darubini mbili zenye vioo vya mita 2.5, moja Apache Point katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, nyingine Las Campanas nchini Chile. Chombo kinachotawanya mwanga hupokea nyota nyingi kwa wakati mmoja kupitia nyuzi 300 za kioo, na hufanya kazi kati ya maikromita 1.51 na 1.70, yaani palepale kwenye eneo la maikromita 1.6 nililolitaja. Kazi ilianza mwaka 2011, na toleo la 17 la data, lililotoka Desemba 2021, lina spektra za nyota zaidi ya 650,000, nyingi zake zikiwa majitu mekundu. Hakuna malipo, wala hakuna barua ya mkuu wa chuo inayodaiwa. Mtoto wa Lindi na profesa wa Chicago hupata faili lilelile.

Faili hizo ni za mpangilio wa FITS, ambao ni wa kawaida kwa wanaastronomia, na husomwa kwa lugha ya Python pamoja na maktaba ya bure ya Astropy. Orodha kuu ya nyota zote ni kubwa mno, ya gigabaiti kadhaa, nami namshauri kila mwalimu wa huku asiiguse. Nilijaribu kuipakua mara tatu katika duka la intaneti hapa mjini, na mara zote tatu mtandao au umeme ulikatika kabla haijafika. Njia iliyotufaa ni mlango wa SkyServer, ambao unaruhusu kuuliza swali kwa lugha ya SQL na kupata jibu dogo: nipe nyota zenye joto chini ya Kelvini 4,000 na uvutano mdogo, zilizopimwa usiku 3 au zaidi. Jibu huja kama jedwali jepesi, na baada ya hapo unapakua faili la nyota mojamoja, ambalo bando la kawaida la simu linalibeba bila shida. Kijana wa duka aliponiona narudi siku ya nne alisema, "Mwalimu, leo tena?" Nikamwambia leo nataka faili kumi tu, na kabla hajamaliza kumhudumia mteja wa fotokopi nilikuwa nimekwisha kuzipata.

Kuhusu maelezo ya matumizi, ni mengi na yameandikwa kwa uangalifu, lakini yote ni ya Kiingereza, na yanamchukulia msomaji kuwa anajua tayari mambo ambayo mwalimu wa sekondari hana pa kuyajulia. Mfano mmoja ulitugharimu wiki nzima. Binti mmoja, ambaye katika kundi letu ndiye mwepesi zaidi wa hesabu, alipima mistari ya chuma ya nyota yake ya kwanza akaniletea daftari.

"Mwalimu, hii nyota inatukimbia."

"Kwa kasi gani?"

"Themanini na mbili, kilomita kwa sekunde. Na hii ya pili pia, karibu themanini na mbili. Na ya tatu."

Nyota tatu zisizo na undugu haziwezi kukimbia kwa kasi moja. Tulikagua hesabu, tukakagua programu, na mwishowe tukagundua kwamba orodha ya mistari tuliyokuwa tumeitoa mahali pengine ilitaja urefu wa mawimbi ndani ya hewa, ilhali faili za APOGEE hutaja urefu wa mawimbi katika ombwe, yaani mahali pasipo hewa. Kwenye maikromita 1.6 tofauti hiyo ni angstromu 4.4 hivi (angstromu moja ni sehemu ya 10,000 ya maikromita), na ukiibadilisha kwa kanuni ya Doppler unapata kilomita 82 kwa sekunde. Hewa ya kawaida, hii tunayoivuta, ndiyo iliyokuwa imetupatia nyota zinazokimbia. Hifadhi yenyewe haina kosa hapa, kwa kuwa jambo hili limeandikwa kwenye maelezo yake. Nalieleza ili atakayefuata asipoteze wiki yake.

Tahadhari nyingine ya aina hiyo ni mwendo wetu wenyewe. Dunia inalizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo nyota ileile, ikipimwa Machi na ikapimwa tena Septemba, inaweza kuonekana imebadilisha kasi kwa makumi ya kilomita hali haijafanya lolote. Katika faili za kila usiku, zinazoitwa apVisit, mwendo huo bado umo, na marekebisho yake yameandikwa kwenye kichwa cha faili. Katika faili za jumla, zinazoitwa apStar, umekwisha kuondolewa.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye lile sharti langu. Faili la jumla hutengenezwa hivi: spektra ya kila usiku husogezwa mpaka mistari yake ikae mahali pake pa utulivu, kisha zote hujumlishwa ziwe moja iliyo safi na isiyo na mikwaruzo. Kwa kazi ambayo mradi ulianzishwa kuifanya, yaani kupima kemia ya nyota na historia ya galaksi yetu, utaratibu huu ni sahihi kabisa. Lakini kwa anayetafuta mwendo wa gesi, kujumlisha ni kufuta kile hasa anachokitafuta. Nyota inayopumua kwa nguvu haina mstari wa umbo moja usiku wote. Leo mstari ni mwembamba, baada ya miezi michache umekuwa mpana upande mmoja, na siku nyingine umepasuka. Ukizijumlisha hali hizo unapata mstari mpana, mlegevu, usiosema chochote. Jambo la kushukuru ni kwamba hifadhi haijatupa chochote: ndani ya faili hilohilo la apStar, chini ya spektra za jumla, zimo safu za spektra za kila usiku zikiwa zimepangwa juu ya gridi moja, ambapo kila pikseli ni sawa na kilomita 4.1 hivi kwa sekunde. Mtumiaji mgeni hawezi kujua kwamba zipo asipoambiwa, kwa maana mchoro anaoonyeshwa kwanza ni ule wa jumla.

Ili ieleweke kwa nini safu hizo ni hazina, inafaa kukumbuka kazi iliyofanywa Kitt Peak, Arizona, kuanzia miaka ya 1970. Kenneth Hinkle na wenzake walizitazama nyota za aina ya Mira, majitu mekundu yanayovimba na kusinyaa kwa vipindi vya karibu mwaka mmoja, wakirudi kwenye nyota ileile tena na tena kwa spektra za infraredi zenye ubora wa juu. R Leonis, ambayo kipindi chake ni siku 310 hivi, ndiyo iliyotangulia. Kisha ikaja chi Cygni yenye kipindi cha siku 408 hivi, ambayo matokeo yake Hinkle, Donald Hall na Stephen Ridgway waliyatoa mwaka 1982. Walichokiona kwenye mistari ya kaboni monoksidi ya maikromita 1.6 ni hiki: gesi hurushwa juu kwa ghafla, halafu mwendo wake hupungua siku hadi siku kwa sababu ya uvutano wa nyota, husimama, huanza kuanguka, na huendelea kuanguka kwa kasi inayoongezeka mpaka wimbi jipya la mshtuko linapoikuta njiani na kuirusha tena. Karibu na wakati nyota inapong'aa zaidi, mistari huwa miwili miwili. Mmoja ni wa gesi ya juu ambayo bado inaanguka, mwingine ni wa gesi iliyokwisha kupitiwa na wimbi na sasa inapanda, na kati yao kuna tofauti ya kilomita 20 hadi 30 kwa sekunde.

Nilikuwa nikilieleza jambo hili vibaya darasani, mpaka jirani yangu, mzee aliyevua samaki maisha yake yote kabla ya kupumzika hapa Mikindani, aliponisaidia bila kukusudia. Jioni moja nilimkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Naona mnahangaika na nyota. Mnatafuta nini huko?"

Nikamweleza habari ya gesi inayopanda na nyingine inayoshuka kwa wakati mmoja mahali pamoja. Hakushangaa hata kidogo.

"Hilo si geni," alisema. "Simama mwambani, huko nje ya ghuba. Wimbi likishapiga, maji yanarudi. Hayajamaliza kurudi, linakuja jingine. Pale yanapokutana unaona yote mawili, haya yanakwenda kule na hayo yanakuja huku, na ngalawa ikikaa hapo inavunjika."

Tangu siku ile ndivyo ninavyofundisha.

Uwezo wa chombo cha APOGEE wa kupambanua mistari ni 22,500, maana yake kinaweza kutenganisha kasi zinazopishana kwa takriban kilomita 13 kwa sekunde. Mistari miwili ya nyota ya Mira, yenye tofauti ya 25 hivi, kinaitenganisha, ingawa kwa shida kidogo. Kwa hiyo kazi ya Hinkle, ambayo zamani ilihitaji mtu awe na darubini ya mita 4 na kibali cha kuitumia, sehemu yake fulani inaweza kurudiwa leo na binti wa kidato cha sita. Naye aliirudia. Katika nyota moja isiyo na jina la kuitwa, namba ndefu tu inayoanza na 2M, spektra ya jumla ilikuwa na mistari mipana na mifupi ambayo mimi mwenyewe nilitaka tuiache, nikidhani ni kelele. Yeye alifungua safu za chini. Usiku wa kwanza mistari ya kaboni monoksidi ilikuwa ya kawaida, na usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu kila mmoja ulikuwa na mabonde mawili kwenye mchoro, yaani sehemu mbili ambapo mwanga umepungua, yaliyoachana kwa pikseli 6.

Nilimtaka asishangilie mapema, kwa sababu nyota mbili zinazozungukana nazo zinaweza kutoa mistari miwili. Alikwenda kwenye kumbukumbu za mwangaza za ASAS-SN, huduma nyingine ya bure inayopiga picha anga nzima mara kwa mara, akakuta kwamba nyota hiyo inapanda na kushuka kwa mwangaza kwa kipindi kirefu, na kwamba usiku ule wa tatu uliangukia karibu na kilele. Usiku 3 si ushahidi wa kumaliza shauri, lakini unakubaliana na kile kilichoonekana kwenye chi Cygni, na kwangu mimi siku ile ilikuwa miongoni mwa siku njema kabisa katika miaka yangu ya kufundisha.

Kwa majitu mekundu yaliyo matulivu zaidi, yasiyopumua kama Mira, mambo ni tofauti, na hapa mtumiaji ajue mipaka. Gesi yao nayo inachemka, ya moto ikipanda na iliyopoa ikishuka, na Martin Schwarzschild alitoa hoja mwaka 1975 kwamba uso wa jitu jekundu unapaswa kuwa na viputo vichache vikubwa sana badala ya vile mamilioni vidogo vya jua letu. Hoja hiyo imeonekana kwa picha: mwaka 2017 ilitolewa ya jitu liitwalo pi1 Gruis, yenye kiputo cha upana wa kilomita milioni 120 hivi, na mwaka 2024 zikaja za jitu jingine, R Doradus, zilizochukuliwa na ALMA, mkusanyiko wa darubini za redio nchini Chile, zenye viputo vya ukubwa wa mara 75 ya jua. Lakini mwendo wa gesi hiyo ni wa kilomita chache tu kwa sekunde, na mbele ya chombo chenye ukomo wa 13 hauonekani kama umbo la mstari. Unaongeza upana wake kidogo, basi. Anayetaka kuona mstari wa jitu tulivu ukiinama upande mmoja kwa sababu ya gesi inayopanda na kushuka anahitaji uwezo wa kupambanua wa 100,000, kama ule wa atlasi ya infraredi ya Arcturus, jitu jingine angavu, iliyotolewa na Hinkle, Lloyd Wallace na William Livingston mwaka 1995. Sisi tuliichukua spektra ya Arcturus iliyopimwa kwa chombo cha APOGEE, maana nyota hiyo ilipelekewa chombo hicho kupitia darubini ndogo ya mita 1, tukaiweka kando ya atlasi. Mahali ambapo atlasi ina mabonde matatu, yetu ina bonde moja lenye bega. Kulinganisha huko kuliwafundisha wanafunzi maana ya uwezo wa kupambanua kuliko saa zangu zote za ubaoni.

Njia moja hata hivyo ilibaki wazi kwa majitu matulivu. Ingawa chombo hakiwezi kuonyesha umbo la mstari kwa undani, kinaweza kupima mahali katikati ya mstari ulipo kwa usahihi wa karibu kilomita 0.1 kwa sekunde, kwa sababu hutumia mamia ya mistari kwa pamoja. Jedwali lina safu iitwayo VSCATTER, inayoeleza kasi ya nyota imetawanyika kiasi gani kati ya usiku mmoja na mwingine. Wanafunzi walichora mtawanyiko huo dhidi ya uvutano wa uso wa nyota. Upande wa nyota zenye uvutano mkubwa, nukta zililala chini zikiwa zimebanana. Kadiri uvutano ulivyopungua, ndivyo zilivyoinuka, kwa kuwa nyota iliyovimba na kulegea hutikiswa zaidi na viputo vyake na mapigo yake. Nukta chache ziliruka juu mno kila mahali, na hizo nyingi ni nyota zenye wenza. Mchoro huo mmoja, uliotoka kwenye swali la mistari sita ya SQL, ungetosha kuipa huduma hii sifa njema.

Upungufu mwingine nitautaja kwa haraka. Chombo hakifiki maikromita 2.3, ambako kuna mistari mingine ya kaboni monoksidi inayotoka tabaka za juu zaidi za angahewa. Kwa hiyo mtumiaji huona gesi ya chini na hajui ile ya juu inafanya nini saa hiyohiyo. Kwa hilo inabidi kwenda kwenye hifadhi ya ESO, shirika la Ulaya la uchunguzi wa anga, penye data ya chombo cha CRIRES cha Paranal nchini Chile, ambayo ni bora kwa ubora lakini ngumu zaidi kuitumia kwa anayeanza. Kuna mapengo mawili madogo katikati ya spektra, palipo na mpaka kati ya kitambuzi kimoja na kingine, na mabaki ya mistari ya hewa yetu, hasa ile angavu ya OH (molekuli ya oksijeni na hidrojeni), ambayo mgeni anaweza kuidhania ni ya nyota. Nyota angavu mno, kama Antares tunayoitazama kwa macho, si shabaha ya kawaida ya mradi, na huu ulikuwa uchungu kwa wanafunzi waliotaka kupima nyota wanayoijua. Niliwapa badala yake habari ya kazi ya Keiichi Ohnaka na wenzake iliyotoka mwaka 2017, ambao kwa kuunganisha darubini za Paranal na kutumia mistari ileile ya 2.3 walichora ramani ya gesi juu ya uso wa Antares, sehemu moja ikija kwetu na nyingine ikienda mbali, kwa kasi zinazofikia kilomita 20 kwa sekunde.

Idadi ya usiku kwa kila nyota pia ni ndogo. Nyingi zina 3 hivi, nyingine mmoja tu. Kwa kufuatilia pigo la siku 300 hii haitoshi, na hilo linanisikitisha kwa dhati, kwa maana wanafunzi walikuwa tayari kuchora mkunjo mzima wa kasi. Wanaoanza nawashauri wachague kwanza nyota zenye usiku mwingi zaidi, hata kama si nyekundu sana, wajifunze kusoma safu zake, ndipo wahamie kwenye zile baridi.

Binti alichapisha ule mstari wenye mabonde mawili kwa wino mweusi, tukaubandika kwenye ukuta wa maabara, na nakala moja niliipeleka barazani kwa mzee. Aliishika mbali kidogo na macho, akauliza upande upi ni wa mawimbi marefu. Nikamwonyesha kulia. Akaweka kidole juu ya bonde la kulia, akakaa nalo kwa muda.

"Basi haya ndiyo maji yanayorudi," alisema.

Ndiyo, mzee. Ndiyo hayo.